Koti la Kijani Kwenye Kioo

28 Machi

Mvua za kwanza zimeanza leo mchana, na mwanangu wa kwanza amekuja na mfuko wa machungwa. Mtoto ambaye hujitokeza mikono mitupu hata nikiumwa, leo ananiletea matunda. Nikajua kuna jambo. Kazini kwake wanamwita Mheshimiwa, kwa sababu hata akiomba chumvi lazima aanze na utangulizi, na utangulizi wa leo ulimaliza machungwa mawili. Mwisho akasema, "Mama, tumekaa, tukaona pikipiki iuzwe."

"Mmekaa wapi?" nikamuuliza. "Maana mimi sikuitwa kwenye kikao."

Sababu yao ni ile ajali ya getini mwaka jana. Nilianguka mbele ya geti langu mwenyewe, pikipiki ikiwa imesimama, nikateguka kifundo cha mguu, na majirani wakashuhudia. Basi. Maisha yangu yote ya kazi nilikagua madai ya ajali kwenye kampuni ya bima. Nimesoma maelezo ya watu waliodai kugongwa na magari yaliyoegeshwa. Mtu akinificha jambo namnusa kabla hajakaa. Leo pikipiki, kesho nyumba, keshokutwa wananipangia saa ya kulala. Marehemu baba yao aliiita pikipiki hii "mume mdogo", wala hakuionea wivu. Wao wanataka kunifanya mjane mara ya pili.

Nikamwambia tufanye hivi. Nitaiendesha hadi kwa dada yako, mwisho kabisa wa barabara kuu, mvua hii hii. Nikifika salama, peke yangu, bila mtu wa kunisindikiza, neno pikipiki lisitamkwe tena mbele yangu. Nikishindwa, au nikisaidiwa, funguo nawapa kwa mkono wangu. Tukampigia binti yangu, simu ikawekwa sauti kubwa. Akalia kidogo, akakubali. Nyuma yake nilimsikia mumewe akisema kitu cha chini chini. Sikukipata.

Huyo mkwe wangu ni fundi wa mizani. Huzunguka madukani na kwenye maghala akirekebisha mizani ya watu. Simwamini tangu harusini. Anakula kila ninachopika, anashukuru, anaosha sahani yake. Faili lisilo na kosa hata moja, ofisini kwetu, ndilo tulilokuwa tukilirudia kulisoma.

Na Mheshimiwa naye amekubali sharti langu upesi mno. Hilo ndilo linalonikosesha usingizi.

30 Machi

Nimebadili oili na breki za nyuma. Fundi kasema cheni iko sawa. Alipoondoka nikaipima mwenyewe.

1 Aprili

Nimeondoka asubuhi kwenye manyunyu. Kahawa ya kwanza nimeinywa kituo cha mafuta, chini ya bati linalovuja. Muuzaji alikuwa na chupa mbili, moja ya kahawa na nyingine ya maji ya moto ya kuipunguzia makali bila mteja kujua. Nikamwambia anitilie ile ambayo haijachakachuliwa. Akacheka, akanitilia. Ilikuwa kali, safi, nikajisikia msichana.

Hapo ndipo pikipiki moja ilipopita polepole. Dereva amevaa koti la mvua la kijani, kubwa kama la kuazima, na helmeti nyeusi iliyoziba uso wote. Kioo chake cha kushoto kimefungwa kwa utepe wa njano. Akageuza kichwa kunitazama, kisha akatazama mbele haraka. Watu humtazama mwanamke mzima akiwa juu ya pikipiki, nimezoea, lakini huendelea kutazama. Huyu aliacha kama mtu aliyefumaniwa.

Mchana nilisimama mara ya pili, kwenye kibanda mkabala na shule. Koti la kijani nalo lipo, ng'ambo ya barabara, mbele ya duka la simu. Mwenyewe ameinama anajifanya kukaza tairi. Tairi haikazwi kwa mkono mtupu.

2 Aprili

Leo nimeishi ndani ya kioo. Nikipunguza mwendo, naye anapunguza. Nikikaza, anakaza. Nikisimama kuvua glavu, anapotea nyuma ya lori, kisha baada ya kilima kimoja koti linachomoza tena.

Kahawa ya leo ni ya mama mmoja mcheshi mwenye kibanda penye njia panda, anatia tangawizi hadi machozi yanatoka. "Bibi," akaniambia, "hilo dude lako linakunywa nini, mafuta au damu?" Nikamwambia linakunywa damu ya wanaoniita bibi. Akacheka mpaka akashika meza. Nilikaa kwake muda mrefu kuliko nilivyopanga, maana ni mtu wa kwanza tangu niondoke ambaye sikumshuku kitu.

Jioni binti yangu akapiga simu. "Mama, pole na mvua."

"Umejuaje kuwa huku kunanyesha?"

"Mama, ni masika!"

Kajibu upesi. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, lakini nimeshahoji watu wengi wenye sauti za kawaida.

3 Aprili

Kuna mtu amegusa mzigo wangu.

Jana usiku niliacha pikipiki uani kwenye gesti, begi likiwa nyuma limefungwa kwa kamba yangu nyekundu. Asubuhi nimekuta fundo ambalo si langu. Mimi hufunga mara mbili na kuacha mkia mrefu. Hili limefungwa mara tatu, mkia umechomekwa ndani, kazi safi ya mtu mwenye subira. Nimetoa kila kitu begini, nimehesabu hadi soksi. Hakuna kilichopungua. Hilo limenitisha kuliko ningeibiwa. Mwizi anataka kitu chako, ukishajua ni kipi unapumzika. Huyu anataka nini?

Nimemuuliza mhudumu, kasema labda ni mlinzi. Nimemuuliza mlinzi, kasema labda ni mhudumu.

4 Aprili

Mvua kutwa, sikutoka. Kahawa ya gesti ni ya kopo, na kopo lenyewe limezeeka. Ng'ambo ya barabara kuna gesti nyingine, na barazani kwake kuna pikipiki iliyofunikwa turubai.

5 Aprili

Leo nimemtega. Nilipofika kwenye kibanda cha kahawa kilicho karibu na daraja la reli, nikamwomba mwenyewe ruhusa, nikaiingiza pikipiki jikoni kwake, nyuma ya magunia ya mkaa, nikachungulia dirishani. Punde koti la kijani likaja. Likapita kibanda. Likarudi. Likapita tena, kichwa kinageuka kushoto na kulia, kisha likasimama katikati ya mvua, mtu kasimama wima juu ya vikanyagio anaangalia mbali. Ananitafuta mimi. Nilikuwa nimeshika kikombe kwa mikono miwili, kahawa sijaionja.

Alipoondoka nikampigia Mheshimiwa.

"Umenitumia mpelelezi," nikamwambia. "Ili nikifika useme sikuja peke yangu."

"Mama, kwanza kabisa..."

"Achana na kwanza kabisa. Umemtuma au hukumtuma?"

"Mama, mimi mwenyewe nadaiwa kodi ya nyumba. Nani atamlipa mpelelezi?"

Ilikuwa hoja nzito, nakiri. Lakini si lazima mpelelezi alipwe. Kuna ndugu, kuna marafiki, kuna watu wanaotafuta kazi kwa Mheshimiwa. Nimemkatia simu. Kesho nitaondoka kabla hajaamka huyo mtu, na atanitafuta mpaka achoke.

6 Aprili

Naandika nikiwa kwenye benchi la hospitali. Nitaandika kwa utaratibu, kama nilivyokuwa nikiwataka wengine waandike.

Niliondoka kabla ya mapambazuko. Niliikokota pikipiki hadi mbali na gesti kabla ya kuiwasha, ili asisikie. Nilifurahi sana. Barabara ilianza kupanda milima, kona baada ya kona, ukungu umeshika, mvua nyembamba inapiga helmeti. Kioo kilikuwa kitupu. Niliimba.

Kabla ya kona moja kali nikakuta matawi yametandazwa upande wangu wa barabara, mafungu matatu, mabichi, yamepishana kwa hatua kadhaa. Kila dereva anajua maana yake: mbele kuna gari limekufa, punguza mwendo. Nikapunguza. Lakini sikuona gari. Sikuona mtu, wala taa, wala sikusikia sauti. Na mimi nimeshughulikia madai ya kutosha ya madereva waliosimamishwa kwa matawi ya namna hiyo hiyo, wakatolewa vichakani bila viatu. Nikasema hawa ni wenzake yule wa koti. Hakuwa amelala, alishawapigia.

Nikashuka. Nikayashika matawi yale moja moja nikayatupa mtaroni, yote. Nilijiambia sitaki wamnase na mwingine anayekuja nyuma. Naandika hivi kwa sababu ni kweli.

Nikapanda, nikaenda mwendo wa kutembea kwa miguu, macho vichakani, nikisubiri wezi. Ni mwendo huo ulioniokoa. Baada ya kona, lami ya upande wangu haikuwepo. Maji yalikuwa yamelibeba kalavati, yameacha shimo lenye maji mekundu yanayochemka. Nilisimama tairi likiwa ukingoni. Nikaikokota pikipiki kwa upande uliobaki, nikavuka.

Hapakuwa na jambazi yeyote. Kulikuwa na mtu mwema aliyelowa akikata matawi kwa ajili ya watu asiowajua.

Nilijua cha kufanya. Ilibidi nirudi nyuma ya kona, niyatoe matawi mtaroni, niyatandaze yalipokuwa. Lakini ukungu ulikuwa mzito, bado nilikuwa na hofu, na nilitaka kuwa mbali na koti la kijani. Nikavunja tawi moja la kichakani nikalisimika pale pale mdomoni mwa shimo. Ripoti ngapi nimeandika: "Alama iliwekwa karibu mno na hatari, dereva hakuwa na nafasi ya kusimama." Nilijua. Nikapanda nikaondoka.

Kileleni kuna kibanda cha kahawa cha mwanamume mpole mwenye mafua. Nikakaa nikielekea barabarani. Nilipanga nimsubiri huyo mtu, akifika nimvue helmeti mbele ya shahidi. Nikanywa kikombe cha kwanza nikiyapanga maneno yangu. Hakuja. Nikaagiza cha pili. Hakuja. Mtu aliyenishikilia siku zote hizo, ambaye hata nikivua glavu alikuwepo, hakuja. Kikombe cha pili kilipoa mbele yangu. Sijapata kutamani kumwona adui yangu namna ile.

Lori likateremka kutoka upande wa mbele. Nikatoka mbio kwenye mvua, nikalisimamisha, nikamwambia dereva kuna shimo baada ya mteremko.

"Nalijua, mama," akasema. "Jana jioni nilipita, mimi ndiye niliyeweka matawi. Bado yapo?"

Nikamwambia hayapo. Sikumwambia nani kayaondoa. Nikageuza pikipiki.

Pikipiki yake ilikuwa ndani ya maji, gurudumu moja juu, kioo chenye utepe wa njano kimepasuka. Mwenyewe alikuwa ameketi ukingoni mwa shimo, mguu mmoja umekaa mahali ambapo mguu haukai. Helmeti alikuwa ameshaivua. Aliponiona akajaribu kuinuka.

"Shikamoo, mama," akasema mkwe wangu.

"Marahaba," nikajibu. Ulimi ulijibu wenyewe. Kisha nikapiga magoti kwenye tope.

"Wewe ni mzima?" akaniuliza. "Nilipoamka nikakuta umeshaondoka. Nikakimbiza. Hilo tawi nimeliona nikiwa nimeshafika." Alikuwa anatetemeka. Dereva wa lori alikuwa anateremka na blanketi. Mkwe wangu akanishika mkono, jambo ambalo hajawahi kufanya, akaninong'oneza, "Mama, usimwambie mtu. Ulikuja peke yako. Mimi nilikuwa kwenye mizani yangu."

7 Aprili

Mfupa umevunjika chini ya goti. Wamemfunga plasta ngumu. Amemwambia mke wake ameanguka kwenye ziara ya kazi.

Nimemuuliza kwa nini alinifuata. Akatazama dari. Akasema siku ile ya simu, alichosema nyuma ni, "Mwacheni mama aende." Hakuna aliyemsikia, kama kawaida yake. Akaipanga ziara yake ya kazi iende na safari yangu. Kifundo changu kilimtia wasiwasi, akasema, lakini kilichomtisha zaidi ni kitu kingine. Mama yake alikuwa mshonaji. Watoto walipoona macho yanafifia wakaiuza cherehani kwa nia njema. "Akabaki dirishani," akasema. "Kila ukienda kumsalimia, yuko dirishani."

"Na kamba yangu?"

"Ilikuwa inaning'inia karibu na tairi, mama. Samahani."

"Mbona hukuniambia unanifuata?"

"Ungenifukuza."

Ningemfukuza. Na sikuweza kumwambia habari za matawi. Mdomo nilifungua, nikauliza kama anataka maji.

8 Aprili

Nimefika kwa binti yangu. Peke yangu, mzima, pikipiki haina mkwaruzo.

12 Aprili

Mkwe karudishwa nyumbani, amelazwa kwenye kochi la sebuleni. Mheshimiwa kaja kwa basi, na mbele ya chakula akasimama. "Kwanza kabisa," akaanza, tukashusha vijiko. Akasema mama ameshinda, neno pikipiki halitatamkwa tena. Wajukuu wakapiga makofi. Mkwe alinitazama kutoka kwenye kochi, akatabasamu kidogo, akainamisha macho kwenye sahani.

Nilikula kila kitu. Sijui nilikula nini.

15 Aprili

Mvua. Leo amesema, bila kumlenga mtu, "Sijui ni nani huyo aliyeweka tawi pale pale shimoni. Afadhali asingeweka." Nilikuwa nakunja nguo zake. Niliendelea kukunja.

20 Aprili

Leo kaja mkaguzi wa bima ya pikipiki ya ofisini kwake. Binti mdogo, nywele zimebanwa, kalamu mbili mfukoni, viatu vimelowa. Alikataa chai. Mimi pia nilikuwa nakataa, ukishakunywa chai ya mtu unamwonea haya. Akakaa kwenye kiti kigumu, akaanza.

"Kulikuwa na alama yoyote kabla ya kona?"

"Hapakuwa na alama," akasema mkwe.

"Una uhakika?"

"Nina uhakika."

Akageuza ukurasa taratibu. Najua ugeuzaji huo, nimeufundisha watu. "Dereva wa lori anasema aliweka matawi, mafungu matatu, kabla ya kona. Shahidi wa pili, utingo wake, anasema hivyo hivyo. Kwa hiyo ama wawili wanasema uongo, ama wewe uliyapita ukiwa mwendo kasi. Ofisi yako imeandika kuwa ikithibitika ni uzembe, hawatakuwa na kazi nawe."

Mkwe akaushika mguu wenye plasta. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso. Akasema tena, kwa sauti ile ile ya chini ambayo hakuna anayeisikia, "Hayakuwepo."

Yule binti akamtazama. Hakumwamini hata chembe. Mtu mpole, maelezo mafupi, hana kosa hata moja kwenye faili lake. Nilijua anachofikiri neno kwa neno, kwa sababu ni mimi niliyekuwa nimekaa kwenye kiti kile, miaka yangu yote. Nikaona aibu hadi masikio yakawaka.

"Andika," nikamwambia. "Matawi yalikuwepo. Niliyaondoa mimi, nikayatupa mtaroni, kabla hajafika. Nilidhani nimetegwa. Shimo nikaliona, nikaweka tawi moja karibu mno, nikaenda kunywa kahawa."

Kalamu ilisimama. Binti yangu alikuwa mlangoni na sinia. Akaliweka chini, akaenda jikoni, tukasikia bomba linafunguliwa na maji yanamwagika bila kuoshwa kitu. Mheshimiwa, aliyekuja tena kwa ajili ya mgonjwa, alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza hakuwa na utangulizi.

Mkwe wangu hakuwatazama wao. Alinitazama mimi.

"Kwa hiyo uliyaona," akasema.

"Niliyaona."

Akageuza uso ukutani.

Nikasaini maelezo yangu. Nikatoa funguo za pikipiki mfukoni nikaziweka mezani, nikawaambia pia kuwa sikuja peke yangu, nilichungwa njia nzima na mtu niliyekuwa namwona jambazi. Nikaenda chumbani. Nililia kwa sauti, sikujali nani anasikia.

23 Aprili

Kazi yake imebaki. Kaambiwa kwa simu. Hakunitazama.

3 Mei

Kila asubuhi nampelekea kahawa. Kila asubuhi naikuta imejaa vile vile. Binti yangu anaongea nami kuhusu sabuni na viazi tu.

11 Mei

Nimejiangalia ninavyowaangalia watu. Jirani akileta sukari natafuta sababu yake. Daktari akisema mfupa unaunga vizuri, najiuliza anaficha nini. Nilidhani ni akili. Nilijivunia. Ofisini waliniita Jicho, nami nikalibeba jina hilo hadi nyumbani, hadi kwenye harusi ya mwanangu.

17 Mei

Leo kikombe kimerudi kitupu. Nikakiangalia ndani, halafu nikaangalia kwenye chungu cha maua cha dirishani kama kimemwagiwa. Udongo ulikuwa mkavu. Nikajicheka.

24 Mei

Mvua zimekatika. Anatembea kwa mkongojo mmoja. Baada ya chakula, wote wakiwa mezani, akatoa funguo zangu mfukoni mwa shati. Sikujua anazo.

"Sharti lilikuwa mama aje bila kusindikizwa," akasema. Mheshimiwa alitaka kuingilia, binti yangu akamkanyaga mguu. "Aliyevunja sharti ni mimi. Yeye hakunialika. Kwa hiyo hakushindwa." Akazisukuma funguo hadi mbele yangu.

"Sistahili," nikamwambia.

"Sijasema unastahili. Bado nina hasira, mama. Usiku mguu ukiuma nina hasira sana. Lakini sitaki kukukuta dirishani." Kisha akasema ana ombi. Kila nikisimama kunywa kahawa, nimpigie.

Mimi, ninayechukia kuulizwa niko wapi. Nikasema ndiyo kabla hajamaliza.

26 Mei

Kahawa ya kileleni kwa yule mpole, mafua yamepona. Nikapiga.

Kisha nikateremka. Shimo halijazibwa, wameweka mapipa mawili tu ukingoni, yaani baada ya kona. Matawi ya mtu fulani, makavu, yamesukumwa pembeni na magari. Nikavuka, nikashuka, nikakata mabichi. Kwa wanaotoka upande wa pili barabara imenyooka, wanaliona shimo kutoka mbali. Nikayatandaza kabla ya kona kwa wanaokuja kama tulivyokuja sisi, mafungu matatu, nikarudi nyuma hadi pale ambapo pikipiki ya mtu mwenye haraka ingeweza kusimama. Nilikuwa na tope hadi magotini. Dereva mmoja akapiga honi, akanipungia.

28 Mei

Njia panda, kwa yule mama mcheshi. Akanikumbuka. "Bibi mla damu! Na yule kijana wako yuko wapi?"

"Kijana gani?"

"Wa koti la kijani. Ulipoondoka siku ile aliingia. Akasema, nipe alichokunywa yule mama. Nikampa. Anakunywa anakunja uso, maskini, hata si mtu wa kahawa, kikombe kizima kimemshinda. Halafu akaniuliza kama umelalamika mguu."

Nikalipa, nikatoka nje. Jua lilikuwa kali na barabara imekauka. Nilikaa juu ya pikipiki nikaangalia kwenye kioo, kama nilivyozoea. Nyuma yangu hapakuwa na mtu, lami tupu mpaka inapopinda. Ndicho nilichokuwa nimekipigania.

Nikampigia.